Kwa nini Berlin ilipata michoro na Michenzani ikaachiwa ukuta mtupu?

SWALI: Nimezaliwa na kukulia Michenzani, Unguja, na sasa ni mwaka wa pili niko Berlin kikazi. Kila asubuhi nashukia Alexanderplatz na kuliona lile jengo lililozungushiwa picha za vijiwe vya rangi, kama mtu aliyejifunga mshipi. Nimeambiwa serikali iliyojenga lile ndiyo iliyotuchorea sisi ramani za majumba yetu ya ghorofa. Mbona wao walijipamba na sisi tukaachiwa zege tupu? Ni ubahili, ni dharau, au kuna jambo silijui? Nauliza pia kwa sababu vijana wa kwetu wanataka kuchora ukuta wa ubavuni wa jumba letu, na wazee wamegawanyika.

JIBU: Ndugu yangu, wengi hupita chini ya picha ile miaka nenda miaka rudi wasiulize kitu, kwa hiyo swali lako nimelipokea kwa furaha. Nianze kwa kukusahihisha kidogo: umelinganisha sebule ya jirani na chumba chako cha kulala.

Jengo unalolisema ni Haus des Lehrers, yaani Nyumba ya Mwalimu, lililojengwa kati ya 1961 na 1964. Hakuwa akilala mtu mle. Palikuwa na maktaba ya ualimu, vyumba vya mihadhara na mahali pa kula, na ubavuni mwake ukumbi wa mikutano wenye kuba. Ni mahali ambapo dola ya Ujerumani Mashariki ilipokea wageni. Ukitaka kuviona vyumba vya kulala vya dola hiyohiyo, panda tramu uende Marzahn au Lichtenberg, utazame safu za maghorofa ya vipande vya zege vilivyomiminwa kiwandani na kuunganishwa kwa kreni. Nyingi ya kuta zile hazikuwahi kuona mchoro wowote. Utajihisi umefika kwenu, ila baridi tu.

Sasa turudi kwenye mshipi wenyewe, maana nawe umeuita kama wanavyouita wenyeji, mshipi wa tumboni. Una urefu wa takriban mita 125 ukiuzunguka mwili mzima wa jengo, kimo chake mita 7, na vijiwe vyake vinakaribia 800,000: vioo, vigae, mawe, vipande vya chuma. Mchoraji ni Walter Womacka, na kazi inaitwa Unser Leben, "Maisha Yetu": wafanyakazi, wanasayansi, familia, watu wa mataifa. Lakini umewahi kujiuliza kwa nini umefungwa pale, ghorofa ya tatu na ya nne, wala si juu kabisa au chini mlangoni? Nyuma yake ndipo vilipohifadhiwa vitabu vya maktaba. Vitabu havipendi jua, basi ukuta haukuwekewa madirisha. Msanifu wake, Hermann Henselmann, alijikuta na ghorofa mbili za ukuta kipofu katikati ya jengo la vioo, akampa mchoraji. Mexico City walikwisha kutangulia: maktaba kuu ya chuo kikuu chao cha taifa, ya miaka ya 1950, imevikwa mozaiki ya mawe na Juan O'Gorman juu ya ghala la vitabu lisilo na madirisha. Kwa hiyo kabla ya siasa kuingia, kuna jambo la kawaida kabisa la ufundi: ukuta usiokuwa na kazi nyingine.

Siasa ilikuja kwa njia ya kuzunguka, na hapa naomba subira yako, kwa sababu ndipo jibu lilipo.

Ujerumani Mashariki, au DDR, ilitangazwa tarehe 7 Oktoba 1949. Miaka yake ya kwanza haikutaka kabisa majengo ya kisasa ya aina ya lile unalolipita. Amri ilitoka Moscow: jengo la wafanyakazi liwe kasri, lenye nguzo, mapambo ya kauri na vibwagizo vya mapokeo ya taifa. Henselmann huyuhuyu alipochora jengo la Weberwiese kwa mtindo wa kisasa mwaka 1951, gazeti la chama lilimshambulia, naye upesi akaleta mchoro mwingine wenye nakshi za kale ambazo wakubwa walizipenda. Ndivyo ilivyozaliwa Stalinallee, ile barabara pana ambayo leo sehemu yake inaitwa Karl-Marx-Allee. Ipitie polepole siku ya mapumziko. Kule hutaona picha kubwa zilizobandikwa, kwa kuwa jengo lenyewe limejaa maneno kuanzia kizingiti hadi paa.

Stalin akafa mwaka 1953. Desemba 1954 mrithi wake, Nikita Khrushchev, alisimama mbele ya wajenzi mjini Moscow akawasema wasanifu waliokuwa wakimwaga fedha kwenye minara na nguzo ilhali watu wanabanana chumba kimoja. Mwaka uliofuata likatoka agizo rasmi la kufuta "ziada" katika ujenzi. Washirika wote wakafuata. Berlin waliokaripiwa jana kwa kupenda kuta nyeupe na vioo, leo wakaambiwa wachore kuta nyeupe na vioo. Richard Paulick, aliyekuwa msaidizi wa Walter Gropius, mwasisi wa shule ya usanifu wa kisasa ya Bauhaus, kule Dessau, alijenga kipande cha Stalinallee chenye nguzo zake, kisha kuanzia 1964 akaongoza ujenzi wa Halle-Neustadt, mji mzima wa vipande vya zege kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya kemikali vya Buna na Leuna. Mtu mmoja, dini mbili.

Nguzo zilipoondoka, jengo likanyamaza. Kioo, chuma na zege havina utaifa. Jengo la namna ile lingeweza kuwa la benki Chicago au la wizara Brasília. Serikali iliyotaka kila jengo la umma liseme "hii ni nyumba ya wafanyakazi" ilibaki na njia moja tu, kulichorea. Ndiyo maana michoro iliongezeka pale mapambo yalipopigwa marufuku. Nakshi zilifukuzwa mlangoni zikarudi kwa dirishani, zimevaa mavazi ya kisiasa. Kaa na hilo, kwa sababu wengi huyasoma majengo haya kinyume: hudhani picha ni ishara ya utajiri wa dola, kumbe ilizaliwa katika kubana matumizi.

Fedha zilitoka wapi? Tangu mwanzo wa miaka ya 1950 palikuwa na agizo kwamba asilimia 1 hadi 2 ya gharama za majengo ya serikali iende kwa wasanii. Usidhani ni uvumbuzi wa wakomunisti. Bunge la Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi, nalo lilipitisha kanuni ya asilimia mwaka 1950, na pande zote mbili zilirithi wazo hilo kutoka enzi za Weimar, yaani jamhuri ya Ujerumani kabla ya Hitler. Tofauti kubwa ilikuwa nani ameketi mezani mchoro unapokaguliwa.

Mfano mzuri uko dakika chache kwa treni kutoka unaposhukia. Nenda kona ya Leipziger Straße na Wilhelmstraße, kwenye wizara ya fedha. Jengo lile lilijengwa 1935 na 1936 kwa ajili ya wizara ya anga ya Göring, msaidizi mkubwa wa Hitler. Ndani yake DDR ilitangazwa. Baadaye likawa Nyumba ya Wizara. Chini ya baraza lake la nguzo palikuwa na sanamu bapa ya askari wa Kinazi wanaotembea. Serikali mpya ikaiondoa, na mwaka 1950 ikamwita Max Lingner achore badala yake. Lingner alikuwa mkomunisti aliyeishi Paris miaka mingi akichorea magazeti ya mrengo wa kushoto, amefungwa kambini Gurs, Ufaransa, wakati wa vita. Mtu safi kabisa kwa chama. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa laini, ya watu waliotulia. Wakamrudishia. Akachora tena, wakamrudishia tena. Waziri mkuu Otto Grotewohl mwenyewe alitia mkono. Walitaka wafanyakazi waonekane wafanyakazi, bendera zionekane bendera, na fomalizimu, yaani kujali umbo kuliko ujumbe, isionekane popote. Kilichofikia ukutani Januari 1953, kwenye vigae vya kauri vya Meissen, ni msafara wa watu wenye tabasamu moja, mita 18 za furaha ya lazima.

Miezi mitano baadaye, tarehe 16 Juni 1953, mafundi wa ujenzi wa Stalinallee waliweka zana chini kwa kuongezewa viwango vya kazi bila ya mshahara, wakaandamana hadi pale pale, mbele ya Nyumba ya Wizara. Wajenzi halisi wakasimama mbele ya wajenzi waliochorwa. Kesho yake vifaru vya Kisovyeti viliingia mitaani. Leo vigae vipo, na mbele yake, sakafuni chini ya kioo, imelazwa picha ya waandamanaji wa 1953, kazi ya Wolfgang Rüppel ya mwaka 2000. Simama katikati ya hizo mbili. Mimi sijaona Berlin mahali pengine panapoeleza kwa ufupi hivyo ugomvi wa mchoraji na mlipaji.

Lakini pia nisikudanganye kwamba wote walikuwa wakichora kwa kulazimishwa. Womacka aliamini alichokichora, na alikuwa fundi hodari. Halafu kuna Josep Renau, Mhispania wa Valencia. Huyu ndiye, akiwa mkuu wa sanaa katika serikali ya jamhuri ya Hispania, aliyemwendea Picasso kumwomba kazi kwa ajili ya maonyesho ya Paris ya 1937, na ikatoka Guernica, ile picha yake maarufu ya kulaani vita. Baada ya kushindwa vita alikimbilia Mexico, akafanya kazi na Siqueiros, mchoraji mashuhuri wa kuta wa huko, kisha 1958 akahamia Berlin Mashariki. Halle-Neustadt alivika kuta ndefu za bweni la wanafunzi kwa vigae. Renau alihesabu kwanza watu watapita wapi na kwa mwendo gani, ndipo akapinda maumbo yake yaonekane sawa kwa mtu anayetembea. Huko ndiko kuchora kwa ajili ya mtaa. Mchoraji anayekuza tu picha ya daftarini hawezi kufika hapo.

Na kwa nini vigae, vioo na enameli, wala si rangi? Theluji, mvua, na moshi wa makaa ya mawe. Rangi ya kawaida isingemaliza miaka kumi.

Nipenyeze kipenzi changu kabla hatujavuka bahari. Mjini Dresden kulikuwa na Karl-Heinz Adler, mchoraji wa maumbo matupu: mistari, miraba, duara. Sanaa yake haikuhesabiwa kuwa sanaa na wakubwa wa utamaduni. Lakini alikuwa mwanachama wa ushirika wa wasanii wa majengo, na huko, pamoja na Friedrich Kracht, alibuni matofali ya zege yenye maumbo, yanayopangwa kwa namna nyingi kuwa ukuta wa bustani, kizuizi cha kuegesha magari, uzio wa shule. Yakamwagwa nchi nzima. Unayajua ya jamii yake, yale matofali ya matundu kwenye veranda na ngazi za nyumba zetu za pwani. Kwa hiyo mchoraji aliyekosa nafasi katika nyumba za maonyesho akawa ndiye ambaye kazi yake iliguswa na mikono mingi kuliko ya wote, kwa vile iliandikishwa kama vifaa vya ujenzi.

Haya, tuje kwetu. Tembea Mji Mkongwe kichwani mwako. Kuta za nyumba ya tajiri ni chokaa tupu, na jasho lote la fundi seremala limemwagwa mlangoni: minyororo, maua, aya juu ya kizingiti. Mgeni asiyevuka mlango huo hana haja ya kuona kingine. DDR ilifanya vilevile katika ukubwa wa mji. Katikati ya mji, mahali pa mikutano, sinema na mahoteli, ndipo palipokuwa mlango wao. Huko nyuma wanakolala watu, chokaa.

Zanzibar ilifanya mapinduzi tarehe 12 Januari 1964 na ikawa miongoni mwa wa mwanzo kabisa nje ya kambi ya kikomunisti kuitambua DDR. Kwa Berlin Mashariki hilo lilikuwa jambo zito mno, kwani Bonn ilikuwa ikitishia kukata uhusiano na yeyote atakayethubutu. Wakalipa fadhila kwa nyumba, wakaanzia Kikwajuni. Mpango wa mji wa 1968 ulichorwa na Mjerumani, Hubert Scholz, na Michenzani ina mizizi humo. Lakini kimo na urefu wa yale majumba kumi, yanayokatana msalaba kwenye mzunguko wa barabara, ni matakwa ya Mzee Karume zaidi ya kuwa ya Mjerumani yeyote, na sehemu kubwa ya kazi ilibebwa na Wazanzibari wenyewe, wengi wao kwa kujitolea. Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 kabla ya majumba kwisha.

Kwa hiyo dharau haimo. Asilimia ya wasanii ilikuwa kanuni ya majengo ya umma ndani ya DDR. Haikupanda meli pamoja na msaada. Na nafikiri, hii ni hukumu yangu, hata kama ingepanda, Karume asingeona haja nayo. Mtu aliyetoka kwenye banda la udongo Ng'ambo akapewa flati yenye umeme na maji ya bomba hakuhitaji picha ya mtu mwenye furaha ubavuni. Flati yenyewe ndiyo iliyokuwa picha, na ilichorwa kwa mamia ya mita ili ionekane na kila aingiaye mjini. Linganisha na Addis Ababa chini ya Derg, utawala wa kijeshi wa Ethiopia: pale Wakorea Kaskazini walijenga mnara wa Tiglachin mwaka 1984, sanamu na michongo tele ya vita, na hakuna mtu anayelala ndani yake.

Kuhusu yaliyotokea baadaye nitapita haraka, kwani habari zake zimeandikwa sana. Palast der Republik, yaani Kasri la Jamhuri, jumba kuu la DDR mjini Berlin, iliyofunguliwa 1976 na ukumbi wa maonyesho wa michoro 16 mikubwa ndani yake, ilifungwa 1990 kwa sababu ya asbestosi, ikabomolewa kati ya 2006 na 2008, na mahali pake imesimama sura ya kasri la wafalme iliyojengwa upya. Jirani yake, jengo la Baraza la Serikali la 1964 lilinusurika. Vioo vya rangi vya Womacka kuhusu harakati za wafanyakazi sasa vinamulika ngazi za chuo cha kufundishia mameneja wa makampuni. Sijui kama wanafunzi huinua macho. Erfurt ndiko walikofanya vizuri zaidi: mozaiki ya Renau, vigae karibu 70,000, ilikuwa kwenye jumba la burudani lililobomolewa, wakaing'oa vipande vipande, wakaihifadhi miaka kadhaa, na 2019 wakaisimamisha tena palepale mtaani, juu ya ukuta wake peke yake.

Sasa vijana wenu na ukuta wa jumba. Kwa upande wa wazee, kisa cha Lingner kinatosha kuwasomea: kubalianeni mapema ni nini kitachorwa, kwa maneno, watu wasiozidi watano, muandike na mtie saini. Baada ya hapo mwachieni mchoraji. Kamati ikianza kurekebisha nyuso na mikono, mtapata mita 18 za tabasamu moja.

Kwa upande wa ukuta, msinunue rangi bado. Majumba yale yamekula hewa ya bahari kwa zaidi ya nusu karne. Chumvi huingia kwenye zege, nondo hushika kutu na kuvimba, na zege la juu hubanduka na kuanguka pamoja na chochote kilichochorwa juu yake, pengine kichwani mwa mtoto. Mtafuteni fundi apande jukwaa na nyundo ndogo, augonge ukuta kila mahali. Panapolia kama mtungi mtupu pamebanduka ndani. Patieni alama kwa chaki, pachimbwe hadi nondo ionekane, isuguliwe kutu, ipakwe dawa, ndipo pazibwe. Lipu mpya iachwe wiki nne ikauke. Chagueni upande usiotazama kusi, maana mvua za masika huupiga huo kwanza. Mkiwa na fedha kidogo, vipande vya vigae vilivyovunjika huombwa bure kwa mafundi wa sakafu na hudumu kuliko rangi yoyote ya dukani. Kazi ya juu ifanyike Januari na Februari, jua likiwa kali na kaskazi inavuma. Na huyo mwenye nyundo akimaliza, mwombeni awaandikie kwenye karatasi ni sehemu gani zililia, muipeleke kwa wenye dhamana ya majumba kabla hata ya kuonyesha mchoro.